Barua kwa Mwanangu: Jioni ya Karlovy Vary

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi, nakuandikia habari za jioni yako ya Karlovy Vary, mji wa chemchemi za maji moto huko Cheki, ambako watu hunywa maji hayo kama dawa. Ukifika, usikimbilie mezani. Tangulia kutembea, na mkononi uwe na kikombe.

Wanakiita lázeňský pohárek. Nunua cha kauri, kinauzwa vibandani karibu na chemchemi. Kina umbo bapa, na mkono wake una tundu ndani yake: maji unayanyonya kwa kupitia mkono huo, kidogo kidogo, huku unatembea. Ndivyo yanavyopita pasipo kuyaosha meno kwa madini. Chemchemi tano ziko chini ya paa la Mlýnská kolonáda, ukumbi wa nguzo 124 uliosanifiwa na Josef Zítek na kujengwa kati ya 1871 na 1881. Kinga maji, subiri yapoe, ndipo unywe. Maji ya Vřídlo, ile chemchemi kubwa inayoruka hadi mita 12 hivi, hutoka yakiwa na nyuzi joto 73. Ukiyapiga funda ukiwa na haraka, ulimi utaungua na chakula chote hutakisikia ladha. Tena maji haya ni haluli, ndiyo kazi yake tangu zamani. Mafunda machache kabla ya kula yanatosha, usiku usiyarudie.

Kula mapema, saa kumi na mbili na nusu hivi, maana majiko mengi hufungwa mapema kuliko milango. Soma orodha ya vyakula nje kabla hujaingia. Vepřové ni nguruwe, hovězí ni ng'ombe, kuřecí ni kuku. Maneno mawili yanayojificha ni slanina na sádlo, yaani nyama ya nguruwe ya mafuta na mafuta yake. Svíčková utaisikia kila mahali: ng'ombe aliyeiva taratibu pamoja na karoti, mizizi ya seleri na vitunguu, kisha mboga zile zikasagwa na krimu zikawa mchuzi mzito wenye utamu na uchachu. Juu huwekwa kipande cha limau, krimu iliyopigwa na jemu ya matunda madogo mekundu. Pembeni kuna knedlíky, mkate wa kuchemshwa uliokatwa vipande. Kazi yake ni ya tonge, kuokota mchuzi. Lakini wapishi wa mtindo wa zamani huipenyeza slanina ndani ya nyama yenyewe, na kwa macho hutaiona. Uliza. Wakisita, agiza pstruh na másle, samaki trauti wa siagi, na uulize uzito wake kwanza, kwa sababu bei iliyoandikwa mara nyingi ni ya gramu 100, si ya samaki mzima. Becherovka, ile wanayoiita chemchemi ya 13, ni pombe ya asilimia 38 hata kama inanukia mdalasini.

Ukimaliza sema "Zaplatím, prosím," yaani nitalipa, tafadhali. Bakshishi ni kama asilimia 10, na uitaje kabla kadi haijagusa mashine. Mashine ikikuuliza euro au koruna, pesa ya Cheki, chagua koruna. Ukichagua euro, ubadilishaji wao unakula pesa yako.

Sasa vaa koti, hata Julai, kwa kuwa bonde hupoa haraka jua likizama. Pita Tržní kolonáda ya mwaka 1883, mbao nyeupe zilizotobolewa kama nakshi za roshani za Mji Mkongwe, kisha fuata mto Teplá kwa njia ya Stará Louka hadi Grandhotel Pupp. Njia ni tambarare, miguu haichoki. Ukikuta kibanda hakijafungwa, nunua oplatka ya moto: duara kama chapati, nyembamba kama karatasi, ndani ina sukari na karanga za heizeli. Ikipoa haina utamu ule.

Kabla ya kulala suuza kikombe na upitishe maji safi kwenye lile tundu. Madini ya huko huganda yakawa jiwe, na tundu likiziba kesho hutanyonya kitu.

Mama yako akupendaye