Mwanangu, anza na miguu yao

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, huku sote hatujambo. Hongera sana kwa kuaminiwa kusaidia kufundisha wapokeaji, wale wanaokimbia kwenda kudaka mpira unaorushwa, wa timu ya futiboli ya Kimarekani hapo chuoni. Umeniuliza siku ya kwanza uanze na nini. Anza na miguu. Vijana watataka kudaka, hasa kule kwa mkono mmoja kunakosambaa mitandaoni, lakini mpokeaji ambaye hajaachana na beki wake hana mpira wa kudaka.

Kagua mkao kabla ya kitu kingine chochote. Mguu wa ndani, yaani ule ulio upande wa katikati ya uwanja, uwe mbele. Wa nje uwe nyuma, kisigino kimeinuka. Uzito karibu wote ukae kwenye mguu wa mbele, na kifua kiwe juu ya goti la mbele. Kosa utakaloliona kwa wengi ni hili: mpira ukiondoka, yaani ukianzishwa kutoka chini, mguu wa mbele unarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Hapo beki ameshapewa nusu hatua ya bure. Usimkemee kijana, maana kwa kukemea haliondoki. Linatokana na uzito kukaa nyuma. Mwambie akiwa kwenye mkao ainue mguu wa nyuma: akiyumba kuelekea nyuma, umeujua ugonjwa. Wazoeze pia kuondoka kwa kuutazama mpira wenyewe, wasingoje sauti ya kwotabeki, yaani mrushaji, kwa sababu kwenye uwanja wa ugenini wenye kelele hawataisikia.

Mkao huo ndio unaobeba hesabu ya hatua. Mguu wa nje ndio unaopiga hatua ya kwanza, wa ndani ya pili, wa nje ya tatu. Kwa hiyo kwenye njia (mwendo uliopangwa wa kukimbia) ya mshazari, hatua ya tatu inachimba kwa mguu wa nje na kijana anakata kuingia ndani. Kwenye njia fupi ya kusimama na kugeuka, hatua ya tano ni ya mguu wa nje tena, yadi 5 au 6, na anageuka ndani akimtazama kwotabeki. Akianza na miguu iliyogeuzwa, atalazimika kuongeza au kupunguza hatua moja. Kwotabeki amepima hatua zake kulingana na za mpokeaji, na mara nyingi mpira hutoka mkononi mwake kabla kijana hajageuka. Mpira utafika mahali ambapo mtu bado hajafika, na lawama atabebeshwa mrushaji.

Sasa kukata kona, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko penginepo. Chukua njia ya kwenda yadi 12 halafu kuingia ndani. Wengi hupunguza mwendo kwa kuinua kifua na kupiga hatua fupifupi nyingi. Beki mzuri hatazami macho ya mpokeaji, anatazama kiuno na kifua. Kifua kikiinuka, ameshajua kona inakuja. Unachotaka ni mbio kamili mpaka hatua mbili tatu za mwisho, kisha nyonga zishuke huku kifua kikibaki mbele. Mikono iendelee kusukuma kana kwamba safari bado ndefu, maana mikono ikisimama siri imetoka. Mguu unaochimba utue chini ya mwili, goti limekunjwa. Ukitua mbali nje ya nyonga utateleza, hasa kwenye nyasi zilizolowa za Novemba, na hata usipoteleza utampotezea muda wa kujivuta arudi juu ya mguu wake. Kichwa kigeuke kwanza kwa nguvu, kiwiko cha upande anaoendea kivutwe nyuma, macho yamfikie kwotabeki kabla mabega hayajamaliza kugeuka.

Halafu tazama hatua tatu baada ya kona. Wengi wakishakata wanapanda kuelekea goli bila kujijua, na ule upenyo mdogo ndio anaoingilia beki kukatiza mpira mbele yao. Weka koni moja kwenye kona na nyingine yadi 5 pembeni yake, kwenye mstari uleule, umwambie kijana apite chini ya ile ya pili, upande wa kwotabeki. Koni mbili tu, utaona tofauti.

Beki akija kumbana mstarini, pale mchezo unapoanzia, kumbuka kanuni za chuo si za NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani. Kule, baada ya yadi 5 beki haruhusiwi kumzuia mpokeaji. Chuoni hakuna mpaka huo: kabla mpira haujarushwa, beki anaweza kumzuia kwa mikono mpaka mpokeaji afike sambamba naye. Kwa hiyo mikono ya kijana wako ina kazi. Apige kifundo cha mkono unaomjia, asisukumane kifua kwa kifua, na asicheze ngoma ya miguu pale mstarini. Hila moja au mbili zinatosha. Kila sekunde anayokaa pale kwotabeki anakaribia kuangushwa. Akishampita beki, arudi mbele yake, amweke mgongoni. Wengi hupita wakaendelea kukimbia ubavuni mwa beki, na kazi yote inapotea.

Ndipo uje kwenye kudaka. Mpira wa juu ya kifua: gumba kwa gumba, shahada kwa shahada. Wa chini ya kiuno: vidole vya mwisho pamoja, viganja juu. Unaowasumbua ni ule wa mkandani, mikono haijui igeuke wapi. Akunje magoti, aufanye uwe wa kifuani. Asidakie kifua, kwa sababu pedi za kinga alizovaa ni ngumu na mpira unadunda. Kwa mpira mrefu unaopita juu ya bega, mikono ibaki ikikimbia na itoke dakika ya mwisho kabisa. Ikitoka mapema inapunguza mbio na inamwambia beki aliyegeuza mgongo kwamba mpira umefika.

Mipira mingi inayoanguka ni ile rahisi, macho yakishaondoka kumtafuta beki. Andika namba kwa kalamu nene kwenye mipira, kijana aitaje baada ya kudaka. Halafu mtu asimame na pedi ampige mgongoni mpira unapofika. Baada ya kudaka, macho yausindikize mpaka ubanwe: ncha ya mbele kati ya vidole, kiganja juu yake, mpira umelala kwenye mkono, ncha ya nyuma imebanwa kwapani, mbavu zikiukamata. Mashine ya kurusha mipira ni nzuri kwa mikono, ila inaleta mpira uleule mahali palepale, kwa hiyo waanze wamegeuka mgongo.

Pembeni mwa uwanja, chuoni mguu mmoja ndani unatosha ili kudaka kuhesabike, NFL ni miwili. Wafundishe miwili tangu sasa.

Kuhusu muda: NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, inaruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa msimu, na kipindi cha nafasi yako huenda kikawa dakika 10. Ukiwa na vijana 10 katika mstari mmoja, na kila zamu ikila sekunde 15, kila mmoja anapata zamu 4. Gawa mistari miwili, zinakuwa 8. Maelezo marefu uyaache chumba cha video. Uwanjani sema jambo moja kwa siku, kwa mfano leo nyonga tu, na kijana akikosea kitu kingine kipite.

Kijana mwembamba akikuambia mwili wake hautoshi, mtajie DeVonta Smith wa Alabama, aliyekuwa na kama kilo 77. Alichukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, ya msimu wa 2020, mpokeaji wa kwanza kuipata tangu Desmond Howard wa Michigan mwaka 1991. Tazameni pamoja video zake, lakini mkitazama miguu, na msimamishe picha pale anapokata.

Ukipata nafasi wiki hii, nitumie video ya wale wanne wa kwanza wakikimbia mshazari. Kamera isimame nyuma ya kwotabeki, chini, miguu ionekane tangu mkao hadi hatua ya sita. Nitakuandikia ninachokiona kwa kila mmoja.

Mama yako