Kabla hujamleta Baba Dar

Tandika, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, na pole tena kwa Mzee. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimejikalia uani ili Mama asione machozi. Nimeona bora nikuandikie, maana kwa sauti nakatizwa kila dakika, na haya nataka uyasome taratibu, ikibidi uwasomee na kaka zako.

Umeniuliza kama hapa Dar kuna nyumba nzuri ya kutunzia wazee, mumlete Mzee akitoka hospitali ya Bombo huko Tanga, alikolazwa kwa kiharusi. Kaka yako wa Muscat yuko tayari kulipa, dada yako anasema ni aibu, baba hatupwi, na wewe umebaki katikati. Nitakujibu, ila nianze na ya kwangu.

Unajua Mama alivyoanza. Chumvi mara mbili kwenye mchuzi, tukacheka. Kisha akadai binti wa kazi kamwibia hela alizofunga kwenye pindo la kanga. Yule mtoto wa watu akalia, akafunga begi lake, akaondoka. Wiki ya pili nikazikuta hela kwenye kopo la mchele. Mpaka leo naona haya nikikumbuka, maana mimi nami nilimshuku. Daktari ndiye aliyetuambia si uzee mtupu, ni ugonjwa wa Alzheimer, unakula kumbukumbu kidogo kidogo, na jioni ndiyo huwa mbaya zaidi.

Tukatafuta mtu kupitia ofisi moja inayosambaza wahudumu wa majumbani. Jina niachie. Walituletea binti mwenye sare safi kabisa, kazi yake kubwa ikawa simu. Mama alikuwa na homa siku zile, halali ila chali, na hakuna aliyemgeuza. Nilipogundua, kidonda cha kiunoni kilishatoka maji. Zuhura, kidonda cha kulalia usikione kwa mtu. Kuanza kinachukua siku chache tu, kupona miezi.

Nikamrudisha yule binti, nikasema nitamuuguza mwenyewe, si mama yangu? Sasa hili sijamwambia mtu. Usiku mmoja wa masika, umeme umekatika, Mama kaamka mara ya tano anavuta komeo la mlango, anataka kwenda kwao Kivinje. Nilikuwa sijalala siku tatu. Nikamshika mkono, nikamkalisha kitandani kwa nguvu. Asubuhi namwogesha, naona alama za vidole vyangu kwenye mkono wake. Akaniuliza, "Nani kaniumiza hapa?" Nikamjibu, "Sijui, Mama."

Ndiyo maana dada yako akisema baba hatupwi, muulize usiku wa manane ataamka nani. Muulize kwa upole, lakini usikubali aondoke bila kujibu.

Siku ile ile niliwaita ndugu zangu. Tukachukua kalenda ya duka la dawa tukaandika zamu kwa kalamu. Kaka yangu alizoea kutuma hela kisha analala usingizi wake, sasa Ijumaa analala hapa. Ijumaa ya kwanza aliniamsha saa nane usiku kuniuliza pampasi ya mtu mzima upande wa mbele ni upi. Lakini tangu hapo hajawahi tena kuniuliza kwa nini pakiti ya pampasi kumi ni shilingi 18,000 na mbona zinaisha haraka.

Na tukampata yule mama ninayekusimulia kila siku, mhudumu wa wodi mstaafu, anaishi mtaa wa pili. Anakuja Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka alasiri, tunampa 300,000 kwa mwezi na chakula cha mchana. Siku ya kwanza hakuuliza ugonjwa. Aliuliza, "Kwao walikuwa wanamwitaje?" Nikamwambia, Bi Mwana. Akamsogelea, akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa, akasema, "Shikamoo Bi Mwana." Mama aliyekuwa kainamisha kichwa tangu alfajiri akakiinua, "Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

Yeye ndiye aliyetufundisha habari ya jioni. Sisi tulikuwa tukibishana: Mama, hapa ndipo kwako, Kivinje mbali, magari hakuna. Yeye akasema mvike kanga, mpe mkono, mwende. Basi jua likianza kushuka tunatoka, Mama na mimi, mpaka kwa muuza mkaa. Tunaamkia watu, tunageuza. Mlangoni namwambia, "Tumefika, Mama." Anavua ndala, anakaa mkekani, na siku nyingine anashukuru kabisa, "Alhamdulillahi, safari ilikuwa ndefu." Kisha anakula.

Sasa ya Mzee wako ni mengine, yeye akili anazo. Kiharusi kimemchukua mkono, mguu na ulimi. Umesema anatamka "reli, reli" tu, na wageni wanapandisha sauti kama wanaongea na kiziwi. Waambie wasipige kelele. Anasikia na anaelewa, ni neno tu haliji. Mpe muda, muulize maswali ya ndiyo na hapana. Akilia ghafla bila sababu, au akicheka pasipostahili, msishtuke wala msimkemee, kiharusi hufanya hivyo.

Yule mama nilimsomea ujumbe wako, akasema nikuandikie haya. Mkono uliolegea msiuvute mnapomwinua, bega hutoka. Mshikeni kiunoni, na akilala mkono uwekewe mto. Usiku ageuzwe kila baada ya saa mbili. Akila akae wima, na abaki wima nusu saa. Akikohoa kila akinywa maji, msiendelee kumlazimisha, mwambieni daktari, maana maji yanaweza kuwa yanaingia mapafuni. Uji mzito wengine humeza vizuri kuliko chai. Na mazoezi ya viungo yaanze sasa hivi, msisubiri apate nguvu kwanza, miezi ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha zaidi. Daktari akiwapa tarehe ya kliniki ya viungo, msiikose hata mvua inyeshe.

Kuhusu nyumba za wazee. Kaka yako wa Muscat nadhani ana picha ya zile za Ulaya na Marekani, mzee ana chumba chake na mlango wake, anasaidiwa kuoga, kuvaa na dawa, mengine anajifanyia. Si hospitali na si kutupwa. Hapa za namna hiyo ni za kuhesabu. Makazi ya serikali kama Nunge, kule Kigamboni, ni ya wazee wasio na ndugu wala uwezo. Nilikwenda Ramadhani moja na kina mama wa msikitini, tukavuka na pantoni tukiwa na unga, sukari na tende. Mzee mmoja akapokea mfuko wake, akashukuru, kisha akanionyesha kucha zake. Alitaka mtu wa kumkata kucha. Nilizikata zote kumi, na ndicho ninachokumbuka katika safari ile.

Mkipata ya binafsi, mimi sitasema msimpeleke. Nyumba yenye mikono ni bora kuliko mtoto aliyechoka kama nilivyokuwa mimi. Ila usiende kwa miadi, nenda ghafla, saa ya chakula cha mchana. Tazama kucha. Nusa. Uliza usiku wanalala wahudumu wangapi na wazee wangapi. Sikiliza kama wanawaita kwa majina au wote ni "babu" tu. Angalia kama mzee amevaa nguo zake au amevishwa iliyo karibu. Na uliza kama ndugu anaruhusiwa kuja saa yoyote. Wakikupangia Jumapili moja kwa mwezi, shukuru, ondoka.

Lakini Zuhura, Mzee wako ana baraza. Ana mtaa wake wa Ngamiani, ana wale wenzake wa bao wanaojua kuwa kete za mwisho huwa anaziiba. Ukimleta hapa atakaa chumbani kwangu au kwa watu baki, akitazama ukuta, na neno lake moja la reli nani atalielewa? Huko Tanga kila anayepita anajua alifanya kazi reli miaka yote. Mimi ningechukua hela ya Muscat nikamlipa mtu mzuri wa mchana, nikamwita fundi abadilishe kile choo cha kuchuchumaa, aweke cha kukalia na bomba la chuma ukutani la kushikia, kisha nikamtoa barazani kila alasiri. Wamletee bao. Acheze kwa mkono wa kushoto, akiiba kete wamwache.

Na mambo ya dirisha la kuhudumia wazee na bima ya ustaafu yaulizeni hapo hapo Bombo kabla hajaruhusiwa, msije mkaanza kuzunguka na karatasi akiwa yuko nyumbani.

Wewe nawe chukua siku moja kwa wiki ambayo si yako na Mzee. Nenda hata sokoni bila sababu. Dada yako akinuna, mpe zamu ya Jumatano.

Nimekufungia mpira wa kutandika chini ya shuka, pakiti mbili za pampasi za kuanzia, na kile kikombe chenye mdomo alichotumia Mama alipokuwa na homa. Nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kapokee stendi ya Kange kesho mchana. Mfuko ni wa bluu, jina lako nimeliandika kwa kalamu nyekundu. Kikombe kina ufa kidogo kwenye mkono, lakini hakivuji.

Wako,
Saida