Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Sinema Tulizoona, Ada, na Suala la Septemba

Ndugu wanachama wenzangu wa chama chetu cha sinema hapa Mwanza,

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha leo. Nawashukuru pia ninyi 21 mliofika, kati ya wanachama 47 waliomo kwenye daftari. Akidi ni theluthi moja, kwa hiyo mkutano wetu ni halali.

Shughuli za mwaka, Julai hadi Juni, mnazijua na sitawachosha. Tulikutana mara 11. Tulifungua na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, na waliosoma kitabu walibishana na wasiokisoma mpaka mlinzi akaja kuzima taa. Agosti ilikuwa Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G. wa Kampala, ile ambayo msimuliaji, VJ Emmie, anapiga kelele juu ya picha mwanzo hadi mwisho. Tuliokulia kwenye vibanda umiza tulijisikia nyumbani. Tuliona Arusi ya Mariamu ya 1985, Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Touki Bouki, Hatari! na nyinginezo. Sherehe ya Desemba ilifana.

Sasa nije kwenye suala la Septemba, la sinema niliyoibadilisha, maana limesemwa sana pembeni na mimi sijapewa nafasi ya kulieleza mbele ya kikao.

Ratiba ilisema tutaona The African Queen, sinema ya John Huston ya 1951 iliyotokana na riwaya ya C. S. Forester. Alhamisi usiku mtunza mitambo wetu akanipigia kwamba diski imekwaruzika, inaganda dakika ya kumi na mbili na haisogei. Saa ile ile niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kuomba mapendekezo. Hadi Ijumaa adhuhuri walikuwa wamejibu watatu, na wawili kati yao walituma dole gumba tu. Kifungu cha 9 cha katiba yetu kinampa Mwenyekiti mamlaka ya kuamua panapokuwa na dharura. Niliamua. Nilichagua Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, sinema ya maisha halisi kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na ndege zinazobeba minofu yake kwenda Ulaya.

Sitaficha kwamba nilikuwa naitaka tangu zamani. Chama hiki tulikianzisha kwa ajili ya sinema zilizosahaulika na zilizopuuzwa. Je, iko sinema iliyopuuzwa Mwanza kuliko hii, iliyopigwa hapa hapa Mwanza? Iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani, na watu waliandamana hapa mjini kuipinga. Nami nilikuwepo barabarani nikishangilia waandamanaji. Niliowauliza siku ile, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameiona. Mimi pia nilikuwa sijaiona. Jambo hilo limenikaa moyoni miaka yote hii.

Jumamosi ile walifika watu 33, idadi kubwa kuliko mkutano wowote wa mwaka. Mwanzoni ukumbi ulicheka kumwona mwongoza ndege mnarani akihangaika na nyuki. Lilipotua lile dege la mizigo la Ilyushin, wazee wawili wakaanza kutajiana majina ya marubani waliowahi kuwaona mjini. Kisha yakaja mapanki: vichanja kwa vichanja juani, mifupa ya sangara na vichwa, funza ardhini, na mama aliyesimama katikati yake.

Mwanachama wetu mmoja, mama aliyekaanga mapanki sokoni Mwaloni kwa miaka mingi akasomesha watoto wake, aliinuka. Hakupandisha sauti. Alikunja kanga yake, akachukua mkoba, akasema, "Mimi sikuuza hivyo," akatoka. Wanane wakamfuata, na baadhi yao wanafanya kazi kwenye viwanda vya minofu.

Waliobaki walimwona binti mmoja wa kwenye sinema akiimba wimbo wa kuisifu Tanzania mbele ya marubani wa kigeni, na baadaye wakasikia kwamba ameuawa na mteja. Sijawahi kusikia ukumbi wetu ukiwa kimya namna ile. Feni ya projekta ilikuwa inasikika mpaka nyuma.

Imesemwa kwamba Mwenyekiti ameutukana mji wake. Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Kirumba. Mapanki nimeyala, na supu yake nimeinywa nikiwa naumwa nikapona. Wala sikubaliani na kila kitu kilichomo. Sauper anauliza tena na tena ndege zile zinaleta nini, anatufanya tuhisi silaha, lakini hatuonyeshi hata sanduku moja. Huo ni udhaifu, nami nilikuwa nimeuandika kwenye karatasi yangu ya maswali kabla hata ya kuwasha projekta. Kuhusu furu, wale samaki wadogo wa asili, walioliwa na sangara baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950, hapo hana kosa. Waulizeni wavuvi wazee.

Jumatatu yake nilikwenda nyumbani kwa yule mama. Nilipewa chai. Alinieleza kwamba mapanki yake yalitoka kiwandani asubuhi, yakaoshwa, yakakaangwa kabla ya jua kuwa kali, na kwamba mpiga picha alichagua chungu iliyo mbaya kuliko zote. Anasema kweli kwa upande wake, na ndiyo maana nasikitika alitoka. Watu wa Ufaransa na Marekani wamebishana kuhusu mapanki yetu, na aliyeyakaanga hakuwepo mezani. Hapa kwetu meza ilikuwepo na kiti chake kilikuwepo. Nimemwomba radhi kwa kutotoa tahadhari mapema. Kwa kuionyesha sinema yenyewe sikuomba radhi, wala leo siombi.

Wajumbe wawili wa kamati walisema kwamba kama nilitaka habari za mji unaouza utu wake kwa mali, zipo sinema zisizotutaja. Nililisikia. Oktoba nikaleta Hyènes ya Djibril Diop Mambéty, ya 1992. Ameuchukua mchezo wa kuigiza wa Dürrenmatt, mwandishi wa Uswisi, na kuuhamishia Colobane, Senegal, na bibi tajiri Linguère Ramatou anarudi akiwa na fedha kama Benki ya Dunia, akitaka mtu mmoja auawe. Friji na feni zinaanza kuingia mjini kabla damu haijamwagika. Kwa maoni yangu ndiyo sinema bora iliyotokana na kazi nyingine ambayo tumewahi kuiona, kwa sababu haikuutafsiri mchezo, iliuhamisha na familia yake yote. Tulizungumza hadi saa tatu usiku. Tulikuwa 14. Kati ya wale tisa waliotoka Septemba, wawili tu ndio waliorudi mpaka leo.

Hapo nimefika kwenye mahudhurio. Mkutano ni saa tisa alasiri. Watu wanafika saa kumi na nusu, wanauliza sinema inahusu nini. Siku ya Simba na Yanga naelewa. Jumamosi nyingine zote sielewi. Aprili mvua ilinyesha nikavuka maji ya Mabatini viatu mkononi, nikamkuta mtunza mitambo peke yake. Tulilipa ukumbi tukarudi. Wenzetu wa Sengerema walikuwa wakilalamikia kivuko, nami niliwavumilia. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Tulitakiwa kukusanya 2,820,000, tumekusanya 1,145,000. Viporo ni 1,675,000. Michango ya mlangoni ilikuwa 412,000. Ukumbi umekula 840,000, balbu ya projekta 285,000, mafuta ya jenereta 198,500 na chai 120,000. Tumebaki na 113,500. Wanachama wengi wana deni, na baadhi yao hawajalipa hata mwezi mmoja. Majina anayo Mweka Hazina na sitayasoma leo, ingawa kuna waliopendekeza niyasome. Petroli ya Februari na Machi niliinunua kwa fedha yangu na sijadai. Machi ndipo tulipopata diski nzima ya The African Queen, na wachache waliokuja walifurahi kujua kwamba meli ya Wajerumani iliyomo hadithini ina ndugu yake wa kweli, Graf von Götzen, iliyozamishwa karibu na Kigoma mwaka 1916 na leo ni MV Liemba.

Kwa mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kupata pazia kubwa badala ya shuka, kuonyesha sinema Ukerewe walau mara moja, na kuwavuta vijana wa vyuo vya Nyegezi. Kamati itaangalia uwezekano. Natamani pia tuirudie ile ya Septemba, kwa tangazo la mapema, na yule mama akipenda akae mbele azungumze kwanza kabla taa hazijazimwa. Nimemwambia. Amesema atafikiria.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti