Punje sita za kahawa

Moshi, Jumapili jioni

Kwako Mangi,

Salaam nyingi. Vipi huko Dar na joto lenu? Sisi tupo. Mvua kubwa imekata, asubuhi mlima unaonekana mweupe mpaka saa tatu hivi, kisha unajifunika kama kawaida yake. Mama anakusalimu na anauliza kama zile ndizi zilifika, au kondakta alizimaliza njiani.

Nakuandikia kwa sababu ya Babu wa mkeka, mzee wetu wa uwanja wa kriketi. Usishtuke, mzima. Alitolewa mtoto wa jicho, akaambiwa kwa wiki kadhaa asiiname wala asinyanyue kitu kizito. Sasa mwambie hivyo mtu ambaye Jumamosi yake yote ni kuinama na kunyanyua! Akauliza nani atashika ufunguo wa stoo. Mimi na kiherehere changu nikanyoosha mkono. Nikadhani ni kufungua mlango tu.

Mangi, ule mkeka mpira unapodundia ni mzito. Tumechezea juu yake miaka sita, na sikumbuki hata siku moja tuliyoulizana nani anautandaza. Tulikuwa tunafika saa nne tunaukuta umelala juu ya zege, umekazwa, tunaanza kulalamika kwamba jua kali. Kumbe mwenzetu amefika saa kumi na mbili na nusu. Ni mita ishirini na ushee za nyuzi za nazi, na ukipatwa na umande unakunywa maji kama sifongo. Ukiukunja mbichi unaoza, kwa hiyo lazima uanikwe kwanza. Halafu kuutandaza: wawili huku, wawili kule, mnavuta mpaka unyooke, ndipo misumari inapigwa ukingoni. Jumamosi yangu ya kwanza nilipiga misumari kabla haujavutwa sawasawa. Kakunjo kadogo tu, ukisimama hukaoni. Mpira wa tatu ukagonga palepale, ukaruka, ukampata kijana kwenye taya. Bahati alikuwa na helmeti.

Babu alikuwa kivulini na miwani yake myeusi. Hakusema kitu. Alikuja polepole, akavua kandambili, akaanza kuupapasa mkeka kwa unyayo mpaka akakifikia kile kikunjo. "Hapa," akasema, akarudi kukaa. Sijaona aibu kama ile tangu nilipoangusha mpira wa ushindi, nawe ukaninunia wiki nzima.

Na kazi ya mwamuzi nayo! Unakumbuka zile punje sita za kahawa alizokuwa anatembea nazo? Mpira mmoja ukirushwa, punje moja inahama mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Zikiisha, ova imekwisha. Tulimcheka sana. Mimi nikajidai nahesabu kichwani. Mbuzi wakaingia uwanjani, mtoto mmoja anataka maji, mwingine kapoteza glavu, nikasema ova imekwisha, na watoto wote wakapiga kelele: "Bado mmoja!" Wiki iliyofuata nilimfuata shemeji Kibosho anipe punje sita.

Kuna na yule mama wa mandazi. Kriketi yenyewe haijui. Ukimwuliza wiketi, vile vijiti vitatu vyetu, ni nini, anakuonyesha mti wowote. Lakini pedi zote za kukinga miguu zilizochanika zinapita kwenye cherehani yake, anazitia viraka vya gunia na mikanda ya mabegi ya shule, hatozi hata senti. Anasema watoto wakiwa uwanjani nyumbani kwake kunakuwa na amani. Na yule binti anayeandika mikimbio, yaani alama zetu, daftari za alama zilipokwisha alinunua kaunta buku, akapiga mistari yote kwa rula, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye jalada ameandika "Kwibuka 2019", mwaka dada zetu wa timu ya taifa walipotwaa kombe kule Rwanda. Chini yake kaandika jina lake mwenyewe, dogo, kwa penseli. Nilijifanya sijaliona.

Hivi unakumbuka 2014, wale waliopanda kucheza kriketi kwenye kreta ya Kibo, juu ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 5,700, akina Makhaya Ntini wa Afrika Kusini na Heather Knight wa Uingereza? Sisi tulibishana wiki nzima kama mpira huruka zaidi kule juu. Babu akauliza swali moja tu: "Vifaa kabeba nani?" Tukamwona mzee hajui mpira.

Basi jana ndiyo amerudi rasmi. Tulichanga kidogo kidogo, tukanunua kreti mbili za soda, tukapika ndizi nyama, na zawadi zikawa gumbuti na kiti cha plastiki chenye mikono. Gumbuti akalivaa hapohapo. Kiti akampelekea mama wa mandazi. Mwenyekiti akasimama na karatasi ya hotuba, na unamjua, anaanzia enzi kriketi Moshi ilipokuwa mchezo wa Wahindi na klabu zao. Hajafika hata Uhuru, Babu akainua uso kuelekea mlimani, akaniangalia mimi. "Mkeka!" Manyunyu yalishaanza. Watu waliacha sahani wakakimbia, mwenyekiti naye, na hotuba kaitia mdomoni ili apate mikono miwili. Ufunguo nimemrudishia, lakini amesema Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nisichelewe.

Sasa nina shida. Kwako kuna jozi ya pedi, najua, uliondoka nazo. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitazipokea stendi. Zikiwa zimechanika usijali, fundi tunaye. Na zile glavu, Mangi, ni zangu.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi,
kipa wako wa zamani