Kigari chako kitapanda, ila tazama chini yake

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, maana umeniuliza iwapo kigari chako kitapanda barabara ya vumbi ya mlimani, na umeuliza kama mtu ambaye keshafunga mizigo. Basi nikujibu bila kuzunguka: barabara ikiwa kavu, kigari chako kitapanda. Magari madogo yanapanda kila siku milima ya vumbi ambayo wewe unadhani ni ya mashangingi tu.

Ninachokihofia mimi si injini, ni tumbo. Hebu toka nje sasa hivi, chuchumaa, upige shubiri chini ya gari, kidole gumba kikiwa ardhini. Haitaingia. Magari mengi ya aina hiyo yameinuka sentimita 13 hadi 16 hivi, na hapo hujapakia watu wanne na mabegi yao. Mimi nilifunzwa na jiwe moja, tena wala halikuwa kubwa. Nililiona, nikataka kulipitisha katikati ya matairi kwa ustaarabu, nikasikia "ko!" Mbele kidogo taa nyekundu ya oili ikawaka. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka, na nyuma yangu mstari mweusi ulikuwa umejichora juu ya vumbi kona hadi kona. Nilizima injini palepale. Siku ile sikufanya jambo jingine la akili. Kwa hiyo jiwe likwepe, na kama halikwepeki, lipande kwa tairi polepole.

Kwenye kupanda huna mengi ya kukumbuka. Gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele huelemewa nyuma mlimani, mbele kunakuwa kwepesi, kokoto zinaanza kuruka. Ingia na gia ndogo tangu chini, mwendo uwe ule ule, usisimame katikati ya mwinuko. Likikataa, abiria washuke watembee (mtu hafi kwa kutembea mita mia). Usishangae pia likichoka kadiri unavyokwenda juu: hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kile kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000.

Kushuka ndiko wengi wanakoumbuka. Mtu akishafika kileleni anajiona kamaliza, anarudi ameegemeza mguu kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Kwanza inakuja harufu, kama kitambaa kinachoungua. Halafu pedali inalegea, unakanyaga inazama, gari linaendelea na safari zake. Oili ya breki hunyonya unyevu, na ikikaa miaka bila kubadilishwa huchemka mapema na kufanya mapovu. Ibadilishe kabla hujaondoka. Njiani, gia uliyopandia ndiyo ushukie, au hata ndogo zaidi; kama ni otomatiki, toa kwenye D uweke L au 2. Breki kanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achia. Ukisikia ile harufu, simama pa salama uziache zipoe zenyewe, wala usizimwagie maji, diski itapinda au kupasuka.

Mvua ikinyesha, futa yote niliyosema. Udongo uliokubeba asubuhi unageuka sabuni jioni, na kwenye sabuni upande mmoja ukuta, mwingine korongo, udereva hauna msaada mkubwa. Tena zipo barabara zisizokuachia hata uamuzi: ile ya Sani, inayopanda kutoka Afrika Kusini kuingia Lesotho hadi mita 2,876, mpakani hawakupandishi bila gari linalovuta magurudumu yote manne.

Kwa hiyo usiulize watu kama gari dogo linapita. Uliza aliyepita juzi, tena mwenye gari kama lako, si wa pikipiki. Na stepni yako ile, ambayo mara ya mwisho niliikuta chini ya magazeti haina upepo, ijaze leo.

Ikinyesha usiku wa kuamkia safari, nipigie. Tutapanda basi wote wawili.

Ni mimi rafikiyo