Barua ya Wazi kwa Afisa Ardhi wa Wilaya Yetu: Tenga Nyaraka kwa Aina Zake

Ndugu Afisa Ardhi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimekuandikia kwa utaratibu wa kawaida, barua zikagongwa muhuri wa kupokelewa, majibu sikupata. Leo naandika hadharani kwa sababu wiki iliyopita lori limemwaga mawe kwenye kiwanja cha marehemu baba yangu, na mwenye mawe anayo barua ya toleo, yaani barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, yenye namba ileile ya kiwanja na kitalu.

Baraza la Ardhi na Nyumba limemtaka mama apeleke barua ya toleo ya baba na nakala ya ramani ya upimaji. Tukaja masjala. Jalada lilipofunguliwa mbele yetu, mkakutwa leseni ya makazi ya mtu tusiyemjua, stakabadhi za kodi ya kiwanja kingine, na barua ya mtumishi wako akiomba likizo. Fomu Na. IV ya Mahakama ya Mwanzo, iliyoniteua kuwa msimamizi wa mirathi, iliibukia kwenye jalada la mawasiliano ya jumla. Barua ya toleo haikuonekana. Mama, mjane na mtu mzima, alikaa chini kwenye korido akalia mbele za watu. Tukaambiwa turudi wiki ijayo.

Karani simlaumu, alitafuta mpaka vumbi likamjaa. Nadhani mambo yaliharibika ofisi ilipohamia jengo jipya, majalada yakafungwa kamba ilimradi yaingie kwenye gari. Huenda pia wapo wanaonufaika na mchanganyiko huu. Ushahidi sina, ila najiuliza yule bwana barua yake kaitoa wapi.

Ndugu, nyaraka za ardhi hazifanani, wala hazitafutwi kwa njia moja. Hatimiliki ina namba yake na muda wake, miaka 33, 66 au 99. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, hiyo ipangwe kwa tarehe ya kwisha. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa na halmashauri ya kijiji, ipangwe kwa kijiji. Ya mirathi yafuate jina la marehemu, mahakama na namba ya shauri. Na ramani ya upimaji hubeba viwanja vingi kwa pamoja: ukiifungia ndani ya jalada la mtu mmoja, majirani zake wote umewanyima. Maboksi yenu yameandikwa "Ardhi" na "Mengineyo". Haki ya mama yangu imo kwenye Mengineyo!

Ulisimama kwenye mkutano wa hadhara ukaahidi kwamba kabla ya masika masjala itakuwa imepangwa upya. Tulikupigia makofi. Masika yamepita. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 inamtaka mkuu wa ofisi ya umma atunze kumbukumbu zake ipasavyo, na mkuu wa ofisi hiyo ni wewe.

Tenga nyaraka hizo. Kila jalada linalotoka lisainiwe na aliyelichukua. Kama yote hayo ni mengi kwa sasa, basi naomba moja tu: barua ya toleo ya baba itafutwe na ipatikane kabla shauri halijatajwa tena. Barua ya toleo, Ndugu Afisa. Mama anaisubiri.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msimamizi wa mirathi