Mama, shika daktari mmoja

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku Norwei sijambo, namshukuru Mungu.

Juzi kwenye simu ulinitajia dawa za presha ulizopewa kituo kimoja, za magoti ulizopewa kwingine, na kwamba sasa unataka kujaribu kwa daktari wa tatu. Tangu hapo sijatulia. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo, hasa zikikutana na baadhi ya dawa za presha. Aliyekutibu magoti aliyaona magoti tu. Mengine unayomeza angeyajuaje, na faili lako liko kwa mwenzake?

Huku kila mkazi ana haki ya kuwa na daktari wake wa kudumu, utaratibu ulioanza mwaka 2001. Nilipokwenda mara ya mwisho, wangu alinigeuzia kompyuta nione vipimo vyangu vya presha vya miaka yote: namba ya juu ilikuwa 122, ikaja 129, 134, halafu 138. Hakuna kilichofika 140, pale wanapoanza kusema presha iko juu. Daktari mgeni angeniambia niko sawa, niende zangu. Yeye aliona inapanda. Akaniuliza zamu za usiku, usingizi, chumvi. Kisha akamtaja marehemu Baba, maana alikumbuka ni kiharusi kilichomchukua. Sikuanza kusimulia upya. Mama, hilo kwangu ni kubwa kuliko mashine zao zote.

Watafiti wa hapa walichunguza kumbukumbu za watu wapatao milioni 4.5. Waliodumu na daktari yuleyule zaidi ya miaka 15 walilazwa kwa dharura mara chache zaidi, na uwezekano wao wa kufariki ulikuwa chini kwa kama robo, kuliko waliokuwa naye mwaka mmoja tu.

Si lazima awe bingwa. Awe karibu, asikilize, aandike, na ajue wakati wa kukupeleka kwa bingwa. Ukishampata, tia dawa zote kwenye mfuko mmoja, za kujinunulia na za mitishamba pia, ukazimwage mezani kwake. Za presha usiziache kwa sababu ya barua hii. Muulize yeye kwanza. Dada akusindikize, na daktari akikubali, anipigie mkiwa humo ndani. Nataka kumuuliza lini figo zako zilipimwa mara ya mwisho.

Nisalimie wote.

Mwanao akupendaye